Pikapu ya Fujian

Usigeuze uso. Ndiyo, wewe. Karatasi yenye habari mbaya ikikufikia, unaisokomeza chini ya godoro, kisha unajifanya unasoma Hisabati. Watu wazima wahamiaji wa Mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, nchini China, nao walifanya vibaya zaidi mwaka 1998. Barua zao zote za Kichina walimtwisha mtoto wa miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemuuliza zinamwumiza vipi.

Mtoto huyo ni Swalha, aliyejifunza Kichina shuleni huko. Kila asubuhi aliipangusa pikapu ya baba yake, Haidar, kabla hawajaenda kuchukua marobota ya nguo kwenye soko la jumla la Shisanhang. Ilikuwa pikapu kuukuu waliyohama nayo kutoka jimbo la Fujian, na bado ilikuwa na namba za huko. Viti vyake vilivikwa kanga alizozishona mama yake, Hafidha, mwezi mmoja kabla ya kufariki dunia. Swalha hakuketi hapo bila kuupapasa mshono kwanza.

Asubuhi moja askari wa barabarani alimpa Haidar karatasi. Haidar alijua Kichina cha kupatana bei, lakini kusoma hakujua.

"Katibu wetu, hebu tusomee," alitania Mjomba Othman, jirani yao aliyesimama kando ya pikapu. "Huenda tumealikwa harusini!"

Swalha akasoma kimya. Gari lililohamia kutoka jimbo jingine likaguliwe na kubadilishiwa namba ndani ya siku thelathini. Gari kuukuu likishindwa ukaguzi, halitaingia tena barabarani. Alizijua breki za pikapu ile, zilivyolia kila kona. Akazitazama kanga.

"Tangazo la matairi, Baba."

"Basi litupe."

Hakulitupa. Alilichomeka ndani ya kanga ya kiti, akalikalia.

Siku ya thelathini na nne wakasimamishwa darajani. Marobota yakashushwa kando ya barabara, na pikapu ikavutwa hadi kwenye uwanja wa magari yaliyokamatwa. Huko Swalha ndiye aliyemtafsiria baba yake maneno ya afisa.

"Anasema nini, mwanangu?"

"Anasema... tungekuja mapema na breki mpya, tungepewa namba za hapa. Sasa muda umepita. Itakatwakatwa, iwe chuma chakavu."

"Mwulize, mapema tungejuaje? Nani alituambia?"

Swali hilo Swalha hakulitafsiri. Machozi yalimtangulia. "Mimi, Baba. Ile karatasi. Niliogopa watachukua viti vya Mama."

Haidar hakumpiga. Aliomba kisu, akapanda ndani ya pikapu, akaanza kufumua nyuzi za mkewe, mmoja mmoja. Karatasi ikadondoka miguuni pake. Aliiacha palepale, akaendelea kufumua.

Marobota yalifika ghalani kwa baiskeli ya kukodi ya magurudumu matatu, safari tano. Jioni Haidar aliweka daftari jipya mezani, karibu na kanga zilizokunjwa.

"Nifundishe kusoma," alisema. "Kosa langu ni kukubebesha kazi ya macho yangu. Lakini kosa lako ni uongo, mwanangu. Karatasi ile ilitupa siku thelathini za kutengeneza breki. Ulipoificha, hukuviokoa viti vya mama yako. Ulituibia siku zetu."

Swalha akaitika kwa kichwa, akachukua kalamu, akamwandikia herufi ya kwanza.

Nawe uliyesoma hadi hapa, inua godoro. Toa karatasi hiyo, umpelekee mkubwa wako, umwambie kila neno lililomo. Usingoje kesho. Funga kitabu hiki, uende sasa hivi.