Makabidhiano ya Saa Tisa Alasiri

Wapo watu kisiwani hapa watakaokuapia kwamba mambo ya Arletha Gadsden yalianza na radi. Waongo hao, walikuwa baharini wakivua kamba wakati huo, hawakuona kitu. Yalianza na neno moja tu, tena neno la heshima, lililosemwa kwa upole mchana kweupe. Ubaya wake ni kwamba aliyelisema alikuwa ameshakufa.

Arletha alikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee kule kando ya kinamasi, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi na ulimi mzito. Kuogesha wazee, kuwageuza, kubeba vyombo vya haja, yote aliyafanya akiimba. Lakini alitaka unesi wenyewe, wa leseni, na beji kifuani. Vitabu alivimaliza, sindano aliziweza. Kilichomshinda ni makabidhiano. Maana nesi hatoki zamu hivihivi kama mtu anayetoka kanisani. Husimama kando ya kitanda, akamtaja mgonjwa na hali yake yote mbele ya nesi anayeingia, mpaka yule aseme, "Nimempokea." Asiposema, hutoki hata paa liwake moto. Ukimwacha mgonjwa bila mtu, leseni yako imekwenda.

Sasa Arletha, akishatazamwa tu, alikuwa anashikwa na kigugumizi mpaka mate yanakauka. Mwalimu wake, Nesi Mozelle Frasier, alikuwa ameshamwangusha mara moja kwenye mtihani wa makabidhiano. Akianguka tena, basi ni vyombo vya haja mpaka uzeeni.

Kwa hiyo kila alasiri, kabla zamu hazijabadilishana, alikwenda kujizoeza kwa Bi Hester Capers, mmoja wa wazee wa humo. Huyo Bi Hester alikuwa mkunga, amezalisha nusu ya kisiwa kwa taa ya mafuta, mpaka serikali ikamnyang'anya kibali kwa kuwa hakuwa na cheti. Hakuwasamehe. Alikuwa akilala pale akinuka kafuri na tumbaku, anasikiliza, kisha anasema, "Nimempokea. Haya, ukiipata hiyo beji nipe mimi."

"Utaifanyia nini, Bibi, na miguu yenyewe haikubebi?"

"Nitaazima yako, mwanangu. Yako imenona."

Wakacheka mpaka kitanda kikalia.

Siku yenyewe joto lilikuwa limekaba, na harufu ya tope la kinamasi imeingia mpaka ndani. Bi Hester alikuwa ameegemea mto, amekodoa macho kama kawaida yake. Arletha akaona amchekeshe kidogo.

"Mgonjwa ni Arletha Gadsden," akasema, na ajabu, ulimi haukukwama hata mara moja. "Presha iko juu. Roho iko mkononi kwa ajili ya mtihani. Anakula wali mwekundu kupita kiasi. Namkabidhi kwako, nesi."

Bi Hester hakucheka. Nzi alitua juu ya jicho lake la kushoto, akatembea, na jicho halikupepesa. Arletha akamshika mkono kutafuta mapigo. Mkono ulikuwa mgumu, baridi kama samaki wa jana. Bibi alikuwa amekufa tangu kabla ya chakula cha mchana.

"Nimempokea," ikasema sauti, na midomo ya maiti haikutikisika.

Arletha hakumwambia mtu. Utasema nini? Akamwosha marehemu, akamfunika, akaenda nyumbani akala bamia, akajiambia ni joto.

Asubuhi vidole vyake vilinuka kafuri. Akavisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa chumvi, wapi! Halafu mikono ikaanza kujua mambo. Ilikunja shuka kwa mkunjo wa zamani ambao hakuna shule inayoufundisha. Ilipapasa tumbo la mpishi mjamzito bila ruhusa na kuligeuza kidogo, na mpishi akapiga kelele. Shemasi Purvis, mzee kipofu wa chumba cha kona, alipopimwa presha alivuta mkono wake haraka.

"Hester," akanong'ona, "si tumekuzika wewe?"

"Ni mimi, Arletha, Shemasi."

"Arletha ana kigugumizi, mama. Wewe huna."

Na kweli hakuwa na kigugumizi tena. Hilo ndilo lililomtia hofu, maana alikuwa anajisikia akizungumza na madaktari vizuri, kwa ufasaha, kwa maneno ambayo hakuyachagua, huku yeye mwenyewe akiwa amerudi nyuma ndani ya kichwa chake, kila siku nyuma zaidi, kama mtu anayesukumwa taratibu kwenye ujia mrefu na mlango wa mbele unazidi kuwa mdogo, na huko nyuma alipofika kukinuka tumbaku, na ukuta hakuna.

Nesi Mozelle aliona mkunjo wa shuka, akamvuta mpaka chumba cha marehemu Bi Hester na kufunga mlango.

"Nani kakufundisha hivi?"

Arletha akakusanya nguvu zote, akasukuma maneno nje. "Ni-ni-nilijikabidhi... kwa Bi-Bi Hester... a-ameshakufa..."

"Ulijikabidhi kwa maiti? Wewe mwanamke, kichwani mna nini, uji?"

Bibi yake Mozelle alikuwa mganga wa mizizi, na kila mtu alijua kwamba mkobani mwake Mozelle mwenyewe hakubeba sindano peke yake. Alimkalisha Arletha kitini, akamwaga chumvi kwenye pembe za chumba, akafungua dirisha. Saa ya ukutani ilipogonga tisa, saa ya kubadilishana zamu, akasimama wima.

"Hester Capers, zamu yako imekwisha. Nikabidhi mgonjwa."

Mdomo wa Arletha ukafunguka. "Nimkabidhi kwa nani?"

"Kwangu. Nesi mwenye leseni."

"Ndiyo, nyinyi mna leseni." Kicheko kikavu. "Haya. Mgonjwa ni Arletha Gadsden. Mpole, mtiifu. Analia ndani kwa ndani, usimjali. Nakupa yeye. Vifaa vyake vinabaki hapa."

Mozelle alikuwa na haraka, jasho linamtiririka. "Nimempokea!"

Upepo ukapita, pazia likaruka. Harufu ya kafuri ikakatika. Arletha akavuta pumzi, mwepesi, huru, akataka kumkumbatia mwalimu wake. Akamtafuta chumbani, hakumwona. Alichokiona, kwa macho yasiyo yake, ni mwanamke mnene kitini, anakunja na kukunjua vidole kimoja kimoja kama mtu anayejaribu glavu mpya.

Alama za mtihani zilikuwa nzuri mno. Siku ya kuvishwa beji kanisa lilijaa, na mshumaa wa manesi wapya ukawashwa. Arletha aliutazama uso wake mwenyewe ukipanda jukwaani kwa tabasamu. Aliupigia kelele kutoka ndani ya Mozelle. Mkono wenye makunyanzi wa Mozelle ukainuka na beji, na Nesi Mozelle, ambaye hajawahi kukwama neno maishani, akasikika kanisa zima:

"Ho-ho-hongera."

"Asante, mwalimu." Nesi mpya akainama, mdomo sikioni, pumzi yake kafuri tupu. "Mtunze mgonjwa wako vizuri. Ukimwacha, leseni imekwenda."