Dole Gumba la Mudathiri

Ukurasa wa kwanza haukuwepo.

Jalada lenyewe lilikuwa palepale juu ya meza ya masijala mjini Newala, kamba yake imefungwa vizuri. Neno SIRI kwenye ganda lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: Imefunguliwa kwa umma. Lakini kabla ya taarifa ya kamanda palikuwa na pengo, na vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye kibanio vilionyesha kwamba ukurasa ulivutwa kwa mkono.

Inspekta Winfrida Chilumba aliinama akalinusa jalada. Alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu, hata wenzake kituoni walimtania kwamba angefaa kuhamishiwa kikosi cha mbwa.

Nyuma yake, kwenye benchi, alikaa Ziada, mkulima wa Chiungutwa, amevaa gauni lake la sikukuu. Alikuwa amepanda bodaboda alfajiri kuja kumsoma baba yake. Askari Mudathiri wa Chilangala alikwenda Vita vya Kagera akamwacha Ziada tumboni mwa mama yake, na tangu hapo hakurudi mtu, hakurudi maiti, wala haikuja barua. Kila ofisi aliyoibishia hodi ilimjibu kwamba jalada ni la siri. Mwaka huu serikali iliyafungua majalada ya askari waliopotea ili ndugu wayasome. Ya huku yaliletwa kwa wiki moja tu, na Ijumaa yangerudishwa Dodoma.

"Mmeuficha tena," Ziada alisema. Hakupaza sauti. "Mmenipa ruhusa kwa mkono huu, mkachomoa kwa ule."

"Mama, ukurasa utatafutwa," Winfrida alimjibu.

"Na mengine niyasome sasa?"

Karani wa masijala, Godwin, alitazama viatu vyake. "Jalada pungufu halisomwi, mama. Ndio utaratibu. Usipopatikana kabla ya Ijumaa, linarudi lilikotoka kwa uchunguzi."

Ziada alicheka kicheko kisicho na furaha. Uchunguzi aliujua. Ulishamla ujana wake wote.

Winfrida alilifungua jalada taratibu. Kwenye mkunjo wa ganda palikuwa na vumbi jeupe.

"Salfa, afande," alisema Koplo Cyril, kijana wa Bukoba ambaye bado alikuwa anaizoea baridi ya Newala. "Msimu huu wa kupuliza mikorosho kila mtu ana salfa mpaka kwenye nyusi."

"Salfa ni ya njano, na inanuka." Inspekta alichovya ncha ya kidole, akaonja. Cyril aligeuza uso. Chuoni hawakufundishwa kuonja vielelezo.

Ulikuwa unga wa mtama.

Winfrida alisoma faharasa ya jalada, kisha akamgeukia karani.

"Ukurasa uliopotea ulikuwa na nini?"

"Fomu ya kuandikishwa jeshini, afande. Jina, kijiji, jina la baba, na dole gumba. Basi."

"Na taarifa ya kupotea kwake ipo?"

"Ipo yote."

Hapo ndipo palipomkwaza. Mtu anayetaka kuficha ukweli angechukua taarifa ya kamanda. Huyu aliuacha ukweli wote mezani, akachukua karatasi isiyo na habari.

"Nani alilisoma jalada hili kabla ya leo?"

"Hakuna, afande," Godwin alijibu, na jicho likamkimbilia droo ya meza.

"Fungua droo yako."

Godwin alifungua kama mtu anayefungua mlango wa choo chenye nyoka. Juu kabisa palikuwa na fotokopi ya fomu ileile. Mahali pa dole palikuwa na doa jeusi tii.

"Hii ulimtolea nani?"

Godwin alirudi kutazama viatu vyake.

"Mashine ya fotokopi iko wapi?"

"Ng'ambo ya barabara, dukani. Ya hapa imeharibika."

"Kwa hiyo ulitoka ukaliacha jalada."

"Nilitoka." Jasho lilikuwa limemtoka na baridi yote ile. "Juzi alikuja bibi mmoja mzee, hajui kusoma. Nilimsomea jalada lote, akalia sana. Halafu akaomba ukurasa wenye dole. Nikamwambia asili haitoki humu, nitakupa kopi. Niliitoa kwa pesa yangu mwenyewe. Kurudi, akaikataa."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwanangu, hiyo karatasi yeye hakuigusa.' Akaaga, nikalifunga jalada bila kuangalia."

"Jina lake?"

"Bi Anifa, wa Chilangala."

Ziada alisimama. Mkoba wake ulianguka na hakuuokota.

"Huyo ni shangazi yangu," alisema.

*

Garini Ziada alikaa mbele na Winfrida.

"Mimi na shangazi hatuzungumzi," alisema. "Mama yangu alipofariki, shangazi alitaka tumtambikie na baba siku hiyohiyo. Nikamkatalia mbele ya watu. Nilimwambia kummwagia unga mtu aliye hai ni kumuua. Nikaapa kwamba mimi nikiwa hai hakuna atakayemmwagia unga baba yangu."

"Uliamini kweli kwamba yuko hai?"

Ziada alitazama mikorosho ikipita dirishani. "Hapana. Nilikataa tu kuwa mtu wa kwanza kusema amekufa."

Winfrida alibadilisha gia bila sababu. Alimhurumia, na alijua huruma hiyo haikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye ripoti.

Bi Anifa walimkuta barazani kwake Chilangala, amekunja miguu mkekani, akimenya mbaazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmechelewa. Nilidhani mtakuja jana." Kisha akamwona Ziada nyuma ya askari, na mbaazi zikamponyoka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Winfrida alichuchumaa ili asiongee na mzee huku amemsimamia. "Bibi, unatuhumiwa kuchukua ukurasa wa nyaraka za serikali. Hulazimiki kusema neno. Ukisema, litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Andikeni. Maneno ya watu juu ya ndugu yangu yameandikwa mengi. Na langu liandikwe."

Cyril alitoa kalamu.

"Ni wewe uliyechukua?"

"Ni mimi."

"Unga ulimwaga wewe?"

"Kidogo tu, kwenye mkunjo. Nilimsalimia. Ungemkuta ndugu yako baada ya miaka yote hiyo, ungempita bila salamu?"

"Kwa nini hukukubali kopi?"

Bi Anifa alinyoosha dole gumba lake, akachora mstari katikati kwa ukucha. "Hapa alikuwa na kovu. Alijikata akiwa mdogo, anachonga kijiti, nikamfunga kwa kipande cha khanga yangu. Mimi sijui kusoma, lakini kovu lile lilikuwepo kwenye karatasi, nikalijua. Kwenye ile kopi halipo. Ni doa tu. Nizike doa?"

Cyril aliandika hilo nalo.

"Kwetu mtu ni wa dada zake," aliendelea. "Mudathiri nimembeba mgongoni. Wa kumlaza ni mimi. Nimengojea mwili, haukuja. Nimengojea ruhusa ya huyu mtoto, haikuja. Nami sina miaka mingine ya kungoja. Pale ofisini nikaona ngozi yake imegusa hapa, jasho lake liko hapa. Hiki ndicho kilichobaki cha mwili wake. Nikakichukua."

"Amelala wapi, bibi?"

Aliwapeleka nyuma ya nyumba. Kando ya kaburi la mama yao, chini ya mikorosho, palikuwa na kituta kifupi, kimepaliwa vizuri, na kichwani pake unga mweupe.

Cyril alikuwa na jembe lakini hakulinyanyua. Winfrida alijua sheria inavyosema, na bado hakutoa amri. Ziada ndiye aliyepiga magoti. Alifukua kwa mikono, na gauni la sikukuu likajaa udongo mwekundu.

Palitokea kopo la maziwa lililofungwa sanda. Ndani yake karatasi ilikuwa kavu, haijakunjika hata pembe.

Inspekta alikuwa na glavu mfukoni. Zilibaki mfukoni. Alimwacha Ziada aitandaze karatasi pajani, aifute mikono yake kwenye mtandio, na aweke dole lake gumba juu ya dole la baba yake.

"Kumbe alikuwa na dole dogo," Ziada alisema.

"Alikuwa mtoto," Bi Anifa alijibu. "Sasa umeshamzidi umri."

Hapo Ziada alilia, na shangazi yake akamshika kichwa, na askari wawili wakajitia kuangalia mikorosho.

*

Winfrida aliandika kila kitu kama kilivyokuwa: mtuhumiwa amekiri, kielelezo kimepatikana kizima, nia haikuwa kuficha. Mwendesha mashtaka alisoma, akasoma tena, akaamua onyo. Godwin alipewa barua ya kujieleza, nayo ilimstahili.

Ijumaa, ukurasa ukiwa mahali pake, Ziada alisoma jalada zima kwa sauti, shangazi ameketi ubavuni. Taarifa ilikuwa fupi. Kikosi kilirudi nyuma chini ya risasi. Askari Mudathiri alivuka mto salama, kisha akageuka kumfuata mwenzake aliyejeruhiwa. Hakuonekana tena. Hajulikani alipo.

Ziada alilirudia lile la kugeuka, peke yake, kimyakimya. Halafu alilifunga jalada na kukaza kamba.

"Shangazi," alisema, "unga umebaki?"