Simu ya Waberi Haiingizi Chaji

Chumba cha nyuma cha gereji kilikuwa na feni moja, nayo ilikuwa inahamisha joto tu kutoka ukuta huu kwenda ule. Waberi alichora mtaa kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Wiki iliyopita polisi walimshika, akalala mahabusu siku mbili, akaachiwa. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

"Kwa nini tusiende usiku?" aliuliza Gedi.

"Usiku Jibuti nzima iko nje na mikeka, inatafuta upepo. Utaibaje mbele ya macho yote hayo? Kazi ni mchana. Ndege ya mirungi ikishatua, saa nane kila mwanamume amelala ubavu, shavu limemjaa. Hata mbwa hapiti."

Mpango wenyewe haukuwa mrefu. Nagibu, sonara, alikuwa amepeleka familia milimani kukimbia joto. Dhahabu yake ilikuwa sandukuni, chumba cha juu. Gedi ataingia. Roble, kaka yake, atakaa kwenye gari mbele ya nyumba. Waberi atakuwa kwenye mabrazi, chumba cha wanaume cha kutafunia mirungi, mtaa wa pili, anatafuna bega kwa bega na Nagibu mwenyewe.

"Simu nitakayobaki nayo itawaonyesha picha yake moja kwa moja, muda wote," Waberi alisema. "Akisimama, Roble anaona, anamwambia Gedi. Gedi anaruka ukuta wa nyuma, anapotelea relini. Kazi ikienda sawa, anarudi garini na mzigo."

Akamrushia Roble simu pana yenye kioo kilichopasuka. "Tumia hii. Zenu ziacheni nyumbani. Na usichezee vitu vilivyomo."

Roble aliigeuza mkononi. "Picha, maongezi, mwezi huu wa joto, ndani ya gari lililozimwa? Itachemka hii."

"Wewe dereva au daktari wa simu?"

Gedi akacheka. Ana miaka kumi na tisa, anacheka kila kitu. Roble alishakaa gerezani miaka mitatu, na alijiapia mdogo wake hatapaona mahali pale. Alimkataza kazi hii, wakagombana mpaka mama yao akaingilia. Gedi akasema atakwenda, kaka awepo asiwepo. Basi Roble akaja. Angalau awe yeye mlangoni.

*Saa nane mchana.*

Mtaa ulikuwa mtupu kweli. Khamsini, upepo wa jangwani, ulileta mchanga na joto la tanuri. Gedi alishaingia, akafunga geti kwa ndani, simu ndogo ya kitochi aliyopewa na Waberi mfukoni, na waya wake sikioni. Kwenye kioo cha simu ya Roble, Nagibu alikuwa ameegemea mto, anachagua majani laini.

Roble alichomeka waya wa chaji kwenye tundu la gari. Simu ikatoa maandishi: *Joto kali. Kuchaji kumesitishwa.*

"Shenzi," alisema.

Akavua kava. Akahamisha simu chini ya kiti. Akachomoa waya, akaufuta, akaurudisha. Maandishi yaleyale. Akatoa benki ya umeme aliyoichaji usiku kucha. Yaleyale. Akaifunga simu kwa kitambaa alichochovya kwenye mfuko wa barafu, barafu yenyewe ilishakuwa maji ya vuguvugu. Akaipepea kwa ndara. Picha ya Nagibu ikaganda mdomo wazi, ikarudi, ikaganda tena. Chaji ilikuwa inaporomoka tu.

"Kaka, sanduku lina kufuli mbili," sauti ya Gedi ilisema.

"Vunja basi! Unaniuliza mimi?"

"Sasa mbona unanifokea?"

"Sikufokei wewe. Nakifokea hiki kidude."

"Kipige kofi," Gedi alisema, akacheka.

Roble hakucheka. Jasho lilimdondokea kwenye kioo, kidole kikawa kinateleza, akibonyeza huku kinafunguka kule. Kazi yote, na mdogo wake mzima, vimening'inia kwenye takataka hii ya kuokota. Akaamua kufunga kila kinachokula chaji humo ndani, Waberi akasirike asikasirike.

Akafunga redio. Akafunga muziki. Nyuma yake kulikuwa na ramani, inafanya kazi kimyakimya. Nukta ya bluu ilikuwa imekaa juu ya gari lao. Chini yake: *Mtu mmoja anaona ulipo, tangu asubuhi.*

Pembeni palikuwa na picha ndogo ya huyo mtu. Kofia ya polisi. Masharubu. Sajini Darari, yuleyule aliyemshika Waberi.

Roble alihisi baridi kwa mara ya kwanza mwezi mzima. Waberi alishawauza. Ndiyo bei ya kuachiwa kwake. Darari anafuata nukta, anasubiri ndugu wawili wakutane na dhahabu kwenye gari moja.

"Gedi! Acha kila kitu. Toka, pita—"

Kioo kikazima. Akabonyeza. Akabonyeza tena, mpaka ukucha ukauma. Simu ilikuwa ya moto kama birika, na imekufa.

*Saa nane na robo.*

Alifungua mlango akimbilie geti. Gari la polisi likakata kona, taratibu, bila king'ora. Nukta imezimika, Darari kaamua kuja mwenyewe.

Hakuna simu. Hakuna muda. Roble alijirudisha ndani, akalalia honi kwa mikono yote miwili. Ruka, Gedi. Ukuta wa nyuma. Ruka, mdogo wangu.

Honi ililia bila kukata. Madirisha yakafunguka. Wanaume wakatoka wakishikilia vikoi viunoni, na nyuma yao, akihema kutoka mtaa wa pili, Waberi, shavu limejaa, anauliza watu kuna nini. Askari walimvuta Roble kwa shati. Akashikilia usukani mpaka vidole vikabanduliwa kimoja kimoja.

Alikuwa kifudifudi kwenye lami, ngozi inaungua, aliposikia komeo la geti.

"Rudi!" alipiga kelele. "Gedi, rudi!"

Gedi alikuwa ameshatoka, anakimbilia gari. Hakubeba dhahabu. Alikuwa na chupa kubwa ya maji, imetoka kwenye friji ya Nagibu, inatiririka matone ya ubaridi. Darari alimdaka mkono, na Gedi hata hakumtazama.

"Simu ilikatika," alimwambia kaka yake, akihema. "Kisha honi ikalia tu, haikomi. Nikajua joto limekuangusha kwenye usukani."

Wakamfunga pingu. Chupa ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.