Merlene Ashusha Pua ya Boti

Saa saba mchana. Chumba cha nyuma ya duka la samaki, Hawston, pwani ya Afrika Kusini. Basil alimwaga chumvi mezani, akachora kwa kidole.

"Hapa ni shamba la konokono wa baharini. Hapa ukuta. Mechi ya raga ikianza, walinzi wote macho kwenye televisheni. Quinton anaingia, anatoa magunia. Mimi napokea. Merlene, wewe usukani."

Quinton, binamu yake Merlene, alicheka. Merlene hakucheka.

"Magunia mangapi?"

"Yatakayoingia."

"Yakirundikana nyuma, pua itaangalia mbinguni. Boti itaburuza tako."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, dada."

Vidole vya Merlene havikutulia. Viligonga meza mpaka wanaondoka.

Saa tisa na nusu. Boti imesimama chini ya ukuta wa shamba, nyuma imejaa magunia. King'ora kikalia. Quinton aliteleza ukutani, akaangukia miamba, paja likachanika.

"Merl! Nivute!"

Basil alichomoa bastola. "Ondoka."

"Binamu yangu yule!"

"Atatuchelewesha. Ondoka, au nikupasue kichwa niendeshe mwenyewe."

Merlene alikaza moto wa injini. Pua ikapanda, hakuona mbele. Akabonyeza kitufe: mabapa mawili ya chuma nyuma ya boti yakashuka, yakainua tako. Akabonyeza kingine: injini zikainama ndani, kuelekea tako. Pua ikalala. Boti ikachomoka.

Nje ya ghuba alikata kona kufuata pwani, mawimbi makubwa yakawajia kwa nyuma. Hapo kila nahodha hupandisha mabapa na kuinamisha injini nje, pua ikae juu, isije ikachimba maji. Merlene hakugusa kitu.

Basil alikuwa ameketi ubavuni, kulia, akichungulia walikotoka. Boti ikapiga chafya ya maji.

"Pandisha pua! Unatuua, we mwanamke!"

Merlene alipandisha bapa moja tu, la kulia. Boti ikalalia upande wa Basil, pua ikachoma wimbi la mbele, ikapinda ghafla. Basil akarushwa majini na bastola yake. Magunia mengi yakamfuata.

Merlene alimtupia boya. "Shika hilo! Usiwe na haraka!"

Akageuza boti kurudi ukutani. Sasa mawimbi yalikuja usoni, akaiacha pua chini kidogo iyakate. Alimkuta Quinton pale miambani, midomo myeupe, akamvuta ndani.

"Basil yuko wapi?"

"Anaogelea."

"Na mzigo?"

"Nyamaza, Quinton."

Boti ya polisi ilitokea kwenye mdomo wa ghuba. Nzito, ya polepole.

"Kaza, Merl," Quinton alinong'ona. "Hao unawapita."

Kweli angewapita. Boti ilikuwa nyepesi, bahari wazi. Alitazama sakafuni. Damu ya binamu yake ilikuwa imefika viatuni mwake, na Quinton alishaanza kufumba macho.

Merlene alipunguza moto. Akaielekeza boti polepole kwa polisi, mkono mmoja juu.

"Anavuja damu huyu!" akapiga kelele. "Mchukueni yeye kwanza!"