Kamera ni ya Wateja

Walikutana kwa kugongana viwiko kwenye ngazi za ofisi ya ndoa, Jumamosi moja ambayo foleni ya maharusi ilifika barabarani. Mwanamke alikuwa fundi cherehani, amekuja kumpachikia mteja wake kifungo cha mwisho. Alipomaliza, akatoa simu aipige picha kazi yake. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Dada, umesimama mbele ya kamera yangu."

"Wewe ndiye umesimama nyuma ya simu yangu, kaka. Subiri zamu yako."

Mpiga picha akasubiri. Shati lake la kijivu lilikuwa limepauka begani, mahali pa mkanda wa kamera, na fundi aliona kola yake imechakaa, inataka kugeuzwa. Wiki iliyofuata akaigeuza. Haukupita muda wakawa wanapigiana simu kutwa, wakibishana jambo lile lile. Mwanamume alidai kamera ya simu ni mnafiki, inalainisha nyuso za watu bila kuombwa. Fundi akajibu kwamba simu angalau ipo mfukoni jambo linapotokea, wakati kamera mpaka itolewe kwenye begi, ivuliwe kifuniko na kubembelezwa, watu wameshakwenda zao. Akambandika jina la Bwana Kamera. Mwanamume akamwita Fundi Wangu, na hilo "wangu" ndilo lililomlegeza fundi.

Kitu kimoja kilimkera fundi. Wake za watu walipigwa picha kwa kamera. Yeye, mpenzi mtu, aliambulia simu. Akiuliza, anajibiwa kinyozi hajinyoi, na kicheko juu. Dada yake mkubwa akamtia maneno: anayekutaka kweli hakupi makombo. Maneno yakamwingia.

Basi akajishonea gauni la zambarau, mikono mirefu, kiuno kimebanwa, akaenda studio kwa mpiga picha bila taarifa na kuketi kwenye kiti cha wateja. Alimwambia ampige picha na yeye, kwa kamera. Moyoni alisema leo nitajua kama huyu ana nia ya kunioa au ananichezea.

Mpiga picha hakubisha. Akawasha taa, akainama. Kidevu chini kidogo, dada. Bega la kushoto. Usitabasamu sana. Sauti ilikuwa ya adabu, ile ile ya siku zote. Alipomaliza akakazia macho kioo cha kamera na kusema bila kuinua kichwa:

"Asante. Anayefuata."

Hapakuwa na anayefuata. Mazoea yalimponyoka mdomoni, na alipogundua alichosema, fundi alikuwa ameshachukua mkoba wake na kufika barabarani.

Hakulia. Moyo ulikufa ganzi. Alishona, alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake, aliiacha simu ikaita mpaka ikachoka. Dada yake alisema afadhali, naye akaitikia afadhali. Siku moja sindano ikamchoma kidole, damu ikaingia kwenye pindo jeupe la mteja, na yeye akakisikitikia kitambaa tu.

Mwishowe mpiga picha akaja dukani, hana kamera.

"Nikishika ile mashine naona mwanga, Fundi. Naona kidevu, kivuli, kola. Mtu simwoni. Niliogopa kukutazama hivyo, na siku ile nikakutazama hivyo hivyo."

"Ungesema."

"Nilidhani unajua."

Akamwekea simu yake mezani. Fundi akazipitia picha kwa kidole bila hamu. Yeye huyo, pini zimemjaa mdomoni. Yeye amesinzia kwenye benchi, kinywa wazi. Yeye akigombana na cherehani. Nyingine zimemkata kichwa, na karibu zote zina ukungu.

"Mpiga picha mzima," akasema. "Mbona zimetikisika hivi?"

"Mkono ulitetemeka."

"Na kwa maharusi?"

"Haujawahi."

Fundi akaketi. Ganzi ikianza kuondoka huchoma, na hii ilimchoma kifuani mpaka pumzi ikapungua. Kilichorudi kwanza hakikuwa mapenzi. Zilikuwa hasira, hasira za siku zote zile kwa mpigo mmoja, na machozi yakazifuata.

"Nimekukasirikia sana," akasema. "Hujui tu."

"Nikasirikie. Na kesho, nikija na mama yangu?"

Fundi akajifuta uso kwa kipande cha bitana.

"Kesho nitakuwa bado sijamaliza kukukasirikia. Lakini mama yako nitampokea."