Andika, Bwana Usijali

Kazi yetu ni viti. Tunakodisha viti vya plastiki na maturubai. Kukiwa na arusi tunaitwa, kukiwa na msiba tunaitwa, shule ikiwa na mkutano wa wazazi tunaitwa. Mtaani mume wangu anaitwa Baba Viti, na mimi ni Mama Viti, kana kwamba viti ndivyo tulivyozaa. Asubuhi yetu huanza na ndoo ya maji ya sabuni. Mimi naosha viti vilivyorudi, maana watu wakishakula, mikono wanaifutia chini ya kiti. Mume wangu anavipanga, anavifunga kamba, anavipakia kwenye mkokoteni.

Kazi hii ina desturi yake. Hatuandikiani. Mtu amefiwa, macho yamemvimba, utamwambiaje asubiri umwandikie karatasi? Anasema, "Nataka viti mia, kesho asubuhi." Unasema, "Vitafika." Basi, vinafika. Na vyote vinarudi, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kuitwa mwizi wa viti vya msiba. Mume wangu amefanya kazi hivyo tangu sijamjua, na neno lake lilikuwa halijaanguka hata siku moja.

Wateja wakaongezeka, wengine wanakaa mbali. Mkokoteni ukatushinda. Tukaweka akiba, tukaamua kununua gari dogo la mizigo, lililokwisha kutumika. Tukaenda kwenye yadi ya magari iliyo kando ya barabara kuu.

Muuzaji alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa bwana nadhifu, viatu vinang'aa kwenye vumbi lote lile. Kila tulichouliza alijibu, "Usijali." Nyumbani tukampa jina la Bwana Usijali. Siku hizo tulilitaja kwa kicheko. Leo nikilitaja meno yananiuma.

Alituwashia gari moja la buluu, tukalizungusha uwanjani. Kila likibadilishwa gia, lilikoroma.

"Mbona linakoroma hivi?" nikauliza.

"Hiyo ni giaboksi, mama. Imechoka kidogo. Usijali. Tutawafungia nyingine kabla hamjalichukua. Bure. Halafu kwa miezi mitatu, likisumbua popote, mnalirudisha hapa tunalitengeneza. Bure vilevile."

"Vizuri. Basi tuandikie hayo kwenye mkataba."

Akacheka. Akamwangalia mume wangu kana kwamba mimi sipo. "Baba, hebu zungumza na mama. Mimi ni mtu mzima. Nikisema kitu nimesema."

Na mume wangu, huyu niliyeolewa naye mbele ya watu, akanigeukia akasema, "Mke wangu, usimvunjie bwana heshima. Sisi wenyewe tunafanyaje kazi?"

"Sisi tunakodisha viti. Hili ni gari!"

"Neno ni neno."

Bwana Usijali akapiga makofi. "Huyo ndiye baba mwenye nyumba!"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mume wangu alikuwa ameshatoka, kichwa hadi mkia. Mkataba ukaletwa, ukurasa mmoja wenye maandishi madogo. Nikanyoosha mkono niusome.

"Mtasoma nyumbani kwa nafasi, mama," akasema Bwana Usijali. "Baba, weka sahihi hapa. Na hapa."

Mume wangu akaweka hapa, akaweka na hapa.

Siku ya kuchukua gari, giaboksi ilikuwa ile ile. Bwana Usijali alikuja na uso wa huzuni. "Fundi wetu amefiwa," akasema. "Lichukueni tu, wiki ijayo mtalileta. Msijali."

Mume wangu akampa pole kwa niaba ya fundi. Akamwahidi na viti, kwa bei ya chini! Mimi nilikaa ndani ya gari nikiangalia mbele, nisije nikasema neno ambalo lingetuvunjia ndoa.

Tulipofika nyumbani hasira ilinishinda. Nikachukua simu, nikamwandikia Bwana Usijali ujumbe: "Umetuahidi giaboksi nyingine bure, na matengenezo bure kwa miezi mitatu. Ni kweli?" Akajibu hapo hapo: "Ndiyo mama ni kweli kabisa, giaboksi wiki ijayo. Usijali."

Nikamwonyesha mume wangu. "Unamsumbua mtu wa watu," akasema. Nikaiweka simu, yakaisha.

Wiki ijayo ilipofika, tuliambiwa wiki ijayo. Baada ya hapo simu yetu haikupokelewa tena. Gari likaendelea kukoroma, na sisi tukaendelea kulitumia, maana kazi zilikuwa zinatungoja.

Ndipo akafariki bibi wa nyumba ya kona. Binti yake tunamwita Afisa, kwa sababu anafanya kazi kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Alikuja kwetu na macho mekundu.

"Shemeji, nataka viti na turubai kesho asubuhi. Mazishi ni mbali, nyumbani kwa babu."

"Vitafika," akasema mume wangu.

Havikufika. Gari lilitoa mlio kama sufuria inayoburutwa kwenye sakafu, likasimama kwenye kilima, viti vimejaa nyuma. Giaboksi ilikuwa imevunjika. Tulihangaika kutafuta lori la kutuokoa. Tulipofika, jua lilikuwa utosini na jeneza limeshatolewa nje. Watu walikuwa wamesimama juani. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mama mjamzito alikaa kwenye tofali. Sisi tukaanza kushusha viti, navyo vikapiga kelele, watu wakageuka kutuangalia. Nilitamani ardhi inimeze siku ile.

Afisa hakutupigia kelele. Alimwambia mume wangu maneno mawili tu.

"Shemeji, ulisema."

Mume wangu akaendelea kushusha viti. Jioni sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Kesho yake tulikwenda yadi. Bwana Usijali alikuwa akifuta kioo cha gari jingine, anapiga mluzi.

"Giaboksi yetu iko wapi?" mume wangu akauliza.

"Giaboksi gani, baba?"

"Uliyotuahidi!"

"Mimi? Hebu nionyeshe ilipoandikwa." Akaingia ofisini, akarudi na nakala ya mkataba, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa. Ulisomeka hivi: Gari limeuzwa kama lilivyo. Mnunuzi amelikagua na ameridhika. "Sahihi hii ni ya nani, baba?"

Ilikuwa sahihi ya mume wangu, nzuri, imenyooka. Nilitaka kumrukia mtu. Sikujua nianze na yupi.

Mume wangu alitaka kurudi na vijana wanaotubebea viti, wakafanye fujo. Nikamwambia, "Kwanza twende kwa mtu tuliyemkosea." Tukaenda kwa Afisa kuomba radhi.

Alitufungulia mlango, lakini chai hakutupa. "Mama yangu ameagwa watu wamesimama," akasema. "Haya, nielezeni kwa nini."

Tukamweleza. Kadiri tulivyoeleza, hasira yake ilihama. Ilitoka kwetu polepole ikaelekea yadi. Mwishoni alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Kila wiki napokea watu kama nyinyi," akasema. "Kila wiki! Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia. Shemeji, ulisoma mkataba?"

"Sikusoma."

"Ukiweka sahihi, umesema umesoma na umekubali. Ahadi ya mdomo nayo ni ahadi, lakini akiikana utaithibitishaje? Wewe utasema ndiyo, yeye atasema hapana."

"Lakini ahadi ni deni," akasema mume wangu kwa sauti ndogo.

"Ni deni, ndiyo. Na mali bila daftari huisha bila habari. Wewe methali unazijua nusu nusu, shemeji?"

Nikashindwa kujizuia. "Nilimwambia tuandikiane! Nikaambiwa namvunjia mtu heshima!"

"Kumwambia mtu aandike hakuvunji heshima, dada. Anayekusudia kutimiza hawezi kuogopa kalamu. Akikataa kuandika, ameshakujibu. Funga pochi yako uondoke." Akamgeukia mume wangu. "Na ukikuta mstari unaopingana na alichokuahidi, kama huo wa 'kama lilivyo', usiweke sahihi mpaka ufutwe. Mkiufuta, nyote wawili mnaweka sahihi pembeni. Sasa, hamna chochote alichoandika? Hata kwenye simu?"

Nikaukumbuka ule ujumbe. Nilitoa simu, nikatafuta. Ujumbe ulikuwepo. Afisa aliusoma, akausoma tena, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona akitabasamu.

"Haya ni maandishi, dada. Tarehe iko hapa, namba yake iko hapa, ahadi yote iko hapa. Usiufute. Shemeji, mshukuru mkeo."

"Asante, mke wangu," akasema mume wangu.

"Nitaisikia vizuri gari likipona," nikamjibu.

Afisa akatuelekeza. Tulipeleka gari kwa fundi wa nje, asiyehusika na yadi ile, akaandika kilichoharibika. Tukaandika barua kwa mwenye yadi. Tukasema tulinunua lini, nani alituahidi, alituahidi nini, tunataka nini na kwa siku ngapi. Tukaambatisha picha ya ule ujumbe. Nakala moja tukabaki nayo, na tukadai igongwe muhuri kwamba barua imepokelewa. "Wakikataa, leteni yote ofisini kwangu," Afisa alisema. "Na msiende na vijana. Mkifanya fujo, kesi itakuwa yenu."

Mwenye yadi alikuwa anakunywa chai tulipoingia. Alisoma barua. Alisoma ujumbe. Akamwita Bwana Usijali.

"Namba hii ni yako?"

Bwana Usijali akaangalia viatu vyake vinavyong'aa. Wala hakusema usijali.

Mwenye yadi akashusha pumzi. "Sawa, mzee wangu. Tusifikishane mbali. Leteni gari wiki ijayo, tutaliangalia. Msijali."

Mume wangu alichukua kalamu mezani. Akaisukuma hadi kwenye kikombe cha yule bwana.

"Andika."

"Mzee, mimi ndiye mwenye yadi. Neno langu..."

"Andika! Watu wamesimama juani kwa sababu ya neno lenu. Mzee wa watu amekaa kwenye ndoo! Mimi miaka yote hii nimeishi kwa neno langu, mkalivunja kwa siku moja. Andika!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Mwenye yadi akaandika: Tutarekebisha giaboksi. Nikaivuta karatasi.

"Kurekebisha ndiyo nini? Mtaipaka mafuta mturudishie? Andika mtafunga nyingine nzima. Andika bure. Andika tarehe. Andika miezi mitatu ya matengenezo inaanza siku tutakayolichukua." Akaandika yote. Akaweka sahihi, akagonga muhuri. Nikaisoma tena tangu juu, taratibu, huku chai yake ikipoa.

Giaboksi ilifungwa kwa tarehe iliyoandikwa. Kazi tulizokosa hazikurudi, na hakuna aliyetufidia, nalo hilo linaniuma mpaka leo. Tulipokuwa tunatoka yadi, nikamwona Bwana Usijali amesimama na mke na mume wengine, mkono begani kwa mume. Nikashusha kioo nikapiga kelele kwa pumzi yangu yote, "Mwambieni aandike!" Yule mwanamke aligeuka. Natumaini alinisikia.

Siku hizi na sisi tuna kadi. Mume wangu ndiye aliyeitaka. Mfiwa hatumsumbui kuandika, tunaandika wenyewe: idadi ya viti, siku, mahali, na mstari wa mwisho unasema tukichelewa, halipi. Nakala moja yake, nyingine yetu. Mwanzoni watu walitucheka. Sasa wanakuja kutoka mitaa ya mbali, wanasema wameambiwa sisi ni watu wa kuandika.

Juzi alikuja Afisa. Mdogo wake anaolewa. Mume wangu akatoa kadi, akaijaza kwa mwandiko wake ule ulionyooka, akampa. Afisa akaisoma yote, kisha akamrudishia.

"Haina saa."

"Asubuhi, shemeji."

"Asubuhi ni ndefu. Hata viti vya mama yangu vilikuwa vya asubuhi."

Mume wangu akainamisha kichwa. Akaandika: saa mbili. Afisa akasoma tena, akaweka sahihi, akaikunja nakala yake akaitia kwenye mkoba.

Siku ya arusi, kabla ya saa mbili gari la buluu lilikuwa mlangoni kwake, halikoromi. Afisa alitoka na nakala mkononi. Alihesabu viti kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Ndipo akasema, "Karibuni ndani, chai iko tayari."