Abiria wa Upande wa Kushoto

Sikusimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho haya mawili na masikio haya yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria. Kama umeisikia habari hii kwa namna nyingine, huyo aliyekupa aliipata kwangu akaiharibu njiani.

Mimi ni fundi wa maboti. Shule niliishia darasa la sita, lakini hakuna injini iliyowahi kunigomea mara mbili. Katamarani yetu niliinunua ikiwa gofu, imetelekezwa juu ya mawe. Nikaiziba, nikaichongea milango, nikaipaka rangi, miaka minne, kwa mikono yangu. Kwa asiyeijua: ni maboti mawili membamba yaliyolala sambamba, yameunganishwa juu kwa sakafu. Kila upande una chumba chake chini na mlango wake. Mke wangu alilala kushoto, mimi kulia. Msidhani tuligombana. Mimi nakoroma, na yeye husema nakoroma kwa gia zote tano.

Huyo mke wangu alikuwa karani wa ghala miaka kumi na tisa, na mpaka leo namwita Karani. Yeye ananiita Fundi. Akikasirika, Bwana Fundi. Watoto walipojitegemea tukafunga nyumba, tukaanza safari ya miezi mitano ya kufuata pwani, sisi wawili tu. Safari hiyo nilimwahidi tangu nikiwa na nywele.

Ukarani haukumtoka. Katamarani ikielemea upande mmoja haiendi sawa, basi alichora mstari mwekundu ubavuni, pande zote mbili, pale maji yanapotakiwa kuishia. Kila kitu tuligawanya: mchele huku, mafuta kule. Hata mimi nikila sana niliambiwa nikakae upande wa pili.

Tulikuwa pia na ishara. Ukuta ukigongwa mara tatu maana yake ni moja: nakuhitaji, njoo. Huulizi kwa nini. Unakwenda.

Hilo mliweke akilini.

Wiki ya saba, jua likizama, tulitia nanga mbele ya kiwanda cha barafu kilichofungwa siku nyingi. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Niliona bomba kwenye gati la zege, nikachukua madumu sita, nikashuka kwenye kiboti cha mpira.

Bomba lilitoa maji. Kiwanda kimya. Hakuna mbwa, hakuna mlinzi. Dumu la sita lilipokuwa linajaa nikasikia harufu... harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndooni siku tatu.

Nikageuka.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye ngazi za gati. Mtu mzima, kitambaa kichwani, mikono magotini. Pindo la gauni lake lilikuwa linachuruzika. Tone. Tone. Zege la nyuma yake lilikuwa kavu, bila alama hata ya unyayo mmoja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa anaitazama katamarani. "Kubwa," akasema taratibu. "Mko wangapi?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Mwingine angesema wawili, akabeba maji yake akaenda. Lakini mimi mtu akinisifia kazi yangu...

"Wawili tu," nikasema. "Vyumba vinalia upweke, mama. Ukichoka kukaa hapo, karibu, chagua upande."

Nilikuwa natania.

"Umesema mwenyewe," akasema.

Nikainama kufunga dumu la mwisho. Nilipoinuka, ngazi zilikuwa tupu. Michirizi ya maji tu, inateremka kuelekea baharini.

Nilipiga makasia hadi jasho likaniingia machoni. Kwa Karani sikusema neno. Ningeanzaje? Nimemkaribisha mwanamke nisiyemjua, labda chumbani kwako? Nikapakia madumu, matatu huku, matatu kule. Nikabandika sufuria ya mchele. Nikaanza kupiga mluzi.

Karani akainama ukingoni na kurunzi.

"Fundi. Kushoto umepakia nini?"

"Maji."

"Mstari umezama. Kiganja kizima."

"Labda mawimbi."

"Mawimbi yapi? Bahari imelala kama chai kikombeni." Akahamisha madumu yote upande wa kulia, na kamba nzito juu yake. Akapima tena. Upande wa kushoto haukuinuka. "Huu ni uzito wa mtu," akanong'ona. "Umekutana na nani kule?"

"Sikukutana na mtu."

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama vibarua wa ghala wanaoficha sukari mifukoni. "Basi nashuka kuangalia. Kaa karibu na mlango, Bwana Fundi."

Akashuka.

Nikasikia hatua zake. Kisha ile harufu ikapanda ngazi, ikanikuta.

"Wewe nani?" Sauti ya Karani, ndogo.

Jibu halikuwa na haraka. "Mumeo kanikaribisha."

Na mlango ukajifunga. Mbao zilikuwa zimevimba kwa chumvi, ukakwama. Nikavuta. Nikasukuma kwa bega. Haukusogea.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Fundi," sauti ikasema nyuma ya ubao. "Fungua."

Kabla sijajibu...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Fundi. Fungua." Sauti ileile. Ila hii ilitoka chini, karibu na sakafu.

Zilikuwa mbili, na zote za Karani. Moja ilikuwa inahema kama mtu anayejizuia kulia.

Nyingine haikuwa inapumua.

Waligonga muda mrefu. Mchele ukachemka, ukakauka, ukaanza kuungua. Wakagonga. Mwisho ikabaki sauti moja tu, nayo ikaacha kuita. Katamarani ikayumba kidogo, upande wa kushoto ukainuka, na mstari mwekundu ukatoka majini. Mlango ukafunguka.

Karani alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini. Pindo la gauni lake limelowa.

"Ameondoka," akasema.

"Nani?"

"Mgeni wako." Akainua macho. "Niligonga, Fundi."

"Mlango ulikwama, mke wangu. Mbao zimevimba."

Akautazama mlango. Akaitazama mikono yangu. "Sawa," akasema. "Ulikwama."

Safari tuliimaliza, maana kurudi mapema kungenilazimu kuwaeleza watoto. Alipika. Alicheka vichekesho vyangu, ila kwa kuchelewa kidogo, kama anayesubiri kuona wengine wanacheka wapi. Siku moja, mchana kweupe, nilikuwa majini nasugua ubavu, macho yangu sawasawa na ule mstari mwekundu. Karani akaruka kutoka gatini, akatua upande wa kushoto kwa miguu yote miwili.

Mstari haukutikisika.

Sasa tuko nyumbani. Kila jua likizama anaingia chumbani, anagonga ukuta mara tatu. Naacha chochote nilichoshika, nakwenda mbio. Namkuta amekaa, mikono magotini, mlango uko wazi.

"Unasemaje, Karani?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kujua kama utakuja."

Yote haya ni kama nilivyoyaona, isipokuwa jambo moja nililolitunga. Mbao hazikuvimba. Mlango ule haukujifunga, na wala haukufunguka wenyewe. Nilipomsikia yule mgeni akinitaja, niliusukuma mimi, nikashusha komeo, nikakaa nimeuegemea mpaka mchele ukaungua. Ubao ule niliuchonga mwenyewe, nikaupaka rangi mara tatu. Karani ndiye aliyenishikia kopo. Anajua, kuliko mtu yeyote, kwamba mlango nilioutengeneza mimi haukwami.